Krismasi uwanjani kwetu: sikukuu ndiyo, theluji hapana

Wiki iliyopita mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alisimama kwenye dirisha la tiketi la uwanja wetu wa michezo ya watoto akanigeuzia simu yake. Video ya Ulaya: watoto wamevaa makoti na glovu, taa zimetandazwa mti hadi mti, theluji inadondoka juu ya bembea za kuzunguka. "Kaka, na nyie lini?" akauliza. Mwanawe, mtoto wa miaka sita hivi mwenye kaptula na jasho puani, alikuwa anaitazama ile theluji kama anavyotazama aiskrimu.

Swali hili huja kila Novemba. Pale dirishani nilimjibu nusunusu kwa sababu foleni ilikuwa inasukuma, basi leo nalijibu kwa wote. Sikukuu tunafungua. Theluji hatuweki.

Kwanza hao wenzetu wa video. Viwanja vyao vikubwa havikuanza kusherehekea Krismasi kwa kupenda baridi. Tivoli ya Copenhagen, Denmark, ilifunguliwa mwaka 1843, lakini msimu wake wa kwanza wa Krismasi ulikuwa 1994. Kabla ya hapo baridi ikiingia, geti linafungwa. Kings Island ya Ohio, Marekani, iliwahi kuwa na sherehe ya majira ya baridi, ikaiacha, ikairudisha 2017. Hesabu yao ni ya dukani tu: uwanja ukilala miezi kadhaa hauingizi hata senti, na mashine inazeeka hata ikiwa imelala. Na hata wakifungua, treni zao kubwa za kupanda na kushuka nyingi hazitembei baridi ikizidi, kwa sababu grisi inaganda na magurudumu yanakuwa magumu. Kwa hiyo mgeni anayeingia kule Desemba, kwa sehemu kubwa analipia taa, kinywaji cha moto na kuteleza kwenye barafu.

Sisi hapa Nyakato, Mwanza, mambo yamekaa kinyume. Desemba shule zimefungwa, ndugu wamerudi kutoka Dar na Arusha, kila mtoto ana nguo mpya anayotaka ionekane. Hatuhitaji kisingizio cha kuwavuta watu. Tunahitaji mahali pa kuwaweka. Shida yetu ni kwamba Desemba hiyohiyo ndiyo vuli.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapogombana na wateja.

Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji ya ziwa. Upepo unaingia kutoka ziwani umebeba unyevu, hewa inapanda, wingu linajijenga, na alasiri, muda uleule watoto wametoka kanisani, wamekula pilau na wamefika kwetu, linaweza kupasuka. Mwaka juzi tarehe 26, saa kumi kasoro, jua lilikuwa bado linawaka. Nilichokiona kwanza ni utepe mwekundu tuliofunga juu ya mlingoti. Ulikuwa umelala siku nzima, ghafla ukasimama. Halafu upepo wa baridi shingoni, bati la kibanda cha soda likaanza kugonga, na paa la jumba la kurukia, lile la hewa ambalo watoto wanaliita jampingi, likaanza kupumua lenyewe, linapanda na kushuka. Tulitoa watoto kumi na mmoja kwa chini ya dakika mbili. Baba mmoja alinifokea kwamba mwanawe amepanda dakika tatu tu na mvua yenyewe haionekani. Hakukosea kuhusu mvua. Ilikuja robo saa baadaye. Upepo ndio ulioitangulia, na jumba la hewa haliogopi mvua kama linavyoogopa upepo.

Kanuni wanayofuata Ulaya inasema jumba la hewa lisitumike upepo ukipita kilomita 38 kwa saa. Sisi tuna kipima upepo kidogo cha mkononi na tunasimamisha kikigusa 30. Ipo sababu nyingine ya kuwa waoga: huu ni mji wa miamba. Kwingine wanapigilia vigingi ardhini wakamaliza. Kwetu ukipigilia kigingi kinaingia kiganja kimoja, kinagonga jiwe, kinapinda. Kwa hiyo kila kamba tunaifunga kwenye viroba vinne vya mchanga vya kilo 50, yaani kilo 200, wakati kanuni hiyohiyo inataka angalau 163 pale ambapo hakuna vigingi. Ukiona vijana wetu wanabeba viroba asubuhi ya Krismasi badala ya kupuliza mapulizo, ndiyo hivyo.

Radi nayo ina utaratibu wake. Ikisikika, bembea zote za chuma zinasimama, na hazianzi tena mpaka zipite dakika 30 bila mngurumo. Najua dakika 30 za mtoto ni ndefu kuliko mahubiri. Ndiyo maana mwaka huu tumejenga banda la upande wa mashariki, lenye meza za kuchora na mpira wa mezani, watu wasubiri pakavu. Tiketi ya mchezo uliokatizwa na hali ya hewa haifi: mhudumu anaigonga muhuri, unaitumia siku yoyote hadi tarehe 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi. Zamani hatukuwa hivyo, na yule baba alikuwa na haki ya kukasirika kwa hilo.

Sasa theluji yenyewe. Kuna mashine za povu, nimeziulizia bei. Povu ni maji na sabuni. Lidondoshe kwenye sakafu ya vigae watoto mia wakikimbia na kandambili, utahesabu meno. Likiingia machoni linawasha. Zile spreyi za makopo za harusini ndizo mbaya zaidi: gesi inayosukuma povu katika makopo mengi inashika moto, na kila siku ya sikukuu tuna keki mbili tatu za kuzaliwa zenye mishumaa. Zimepigwa marufuku getini kwetu. Tafadhali msizifiche kwenye mikoba, tunazikuta.

Anayetaka cheupe kwenye mti atakipata. Mti wetu tunaupamba kwa pamba, kama tulivyoikuta kwa mama zetu, na Usukumani nani atatuambia pamba ni theluji ya uongo? Ni dhahabu nyeupe, imesomesha watu. Tunaiweka mbali na balbu tu.

Kuna wanaouliza kama ni sawa kufungua kabisa siku ya Krismasi, kwamba ni siku ya ibada na ya familia. Nawaelewa, na ndiyo sababu tarehe 25 hatufungui kabla ya saa saba mchana. Muziki pia unabaki chini hadi saa kumi, kuna kanisa jirani. Kuhusu wafanyakazi: sheria ya kazi ya 2004 inataka anayefanya kazi siku ya sikukuu ya taifa alipwe mara mbili, na tunalipa. Kiingilio cha 6,000 badala ya 5,000 kwa tarehe 25, 26 na 1 kinatoka hapo, si tamaa. Zamu zenyewe vijana wanapangana: Waislamu wanashika Krismasi, Wakristo wanawashikia Idi. Sijawahi kuingilia, na sijawahi kukosa mtu.

Ila ukiniuliza mimi kama mfanyabiashara, sherehe kubwa kabisa ya "baridi" hapa Mwanza ingefaa kufanyika Juni. Mvua zimekwisha, usiku unatafuta sweta, shule zina likizo, na wakulima wengi wana chochote mfukoni baada ya mavuno. Wazee walishaliona hilo zamani. Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ambako makundi mawili, Bagika na Bagalu, wanashindana kucheza, wengine wakiwa na nyoka, ni ya Juni. Nimeanza kuzungumza na kikundi kimoja cha ngoma kuhusu Jumamosi mbili za mwezi huo, bila nyoka kwanza, maana mhasibu wangu amesema akimwona tu anaacha kazi.

Kwa Desemba hii: tarehe 26 ndiyo hujaa kuliko 25, na waliofika mapema ndio waliocheza zaidi. Siku hiyo geti linafunguliwa saa tatu asubuhi. Mlete mtoto na nguo ya kubadilisha na soksi, maana kwenye jampingi viatu haviingii. Na yule mdogo wa kaptula, mama yake akisoma hapa: mpira wa pamba juu kabisa ya mti tumemwachia yeye aje aupandishe, ngazi nitaishika mwenyewe.