Bando la mwalimu, darasa la watoto 45

Mhariri,

Nasomesha jiografia Wete, Pemba. Desemba tuliwapigia simu ya video wanafunzi wa Tromsø, mji wa kaskazini ya mbali ya Norway, ambako Desemba jua halichomozi. Kwetu saa tano asubuhi, jua kali. Kwao saa tatu, na nje bado kiza. Miaka yote nachora ubaoni dunia iliyoinama, hawajanielewa kama siku ile.

Mtoto mmoja akasogeza shada la karafuu mbele ya kamera: "Haya maua, twayachuma hayajachanua." Wakamuuliza harufu yake ikoje. Akakosa la kusema, akacheka.

Hapo bando likakata. Langu hilo, na simu yangu, watoto 45 wameisongamania! Skuli ina kompyuta sita, zimefunikwa kitambaa, intaneti hakuna. Wahusika, tuungieni japo chumba kimoja.

Mwalimu, Wete