Pap imetaja trikomonasi: je, ni saratani?

Hapana, si saratani. Tunaanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza la akina mama wanaofika maabara yetu hapa Moshi na majibu ya Pap, yaani kipimo cha seli za shingo ya kizazi, mkononi. Walikwenda kupima saratani ya shingo ya kizazi, seli ni nzuri, ila chini pameandikwa ameonekana trikomonasi.

Huyu ni kimelea wa seli moja, asiyeonekana kwa macho, anayeambukizwa kwa kujamiiana. Pap hutafuta seli zilizobadilika. Kimelea akiwa katikati ya seli hizo, naye huonekana. Lakini kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili yake na huwakosa wengi, kwa hiyo Pap isiyomtaja haina maana kwamba huna. Kipimo cha siki, nacho cha saratani ya shingo ya kizazi, ndivyo hivyo hivyo: mhudumu hupaka siki hafifu kwenye shingo ya kizazi akatazama kama patatokea weupe. Akiona uchafu wenye povu au vidoti vyekundu kwenye shingo ya kizazi, atashuku tu.

Kumtafuta kimelea mwenyewe, tunachukua ute wa ukeni kwa kijiti cha pamba, tunauchanganya na tone la maji ya chumvi na kuutazama kwenye hadubini papo hapo. Tunamtambua kwa jinsi anavyochezacheza. Dakika 10 hadi 20 zikipita anaanza kutulia, na akitulia anafanana sana na chembe nyeupe za damu. Ndiyo maana sampuli iliyosafiri kwenye kichupa kutoka Rombo haitufai. Tafadhali njoo mwenyewe. Hata hivyo hadubini nayo humkosa mara nyingi. Kipimo cha vinasaba ni makini zaidi. Sisi hatuna, na dalili zikiendelea tutakuandikia rufaa.

Kinachotuumiza ni kuona dada ameshanunua dawa ya fangasi mara kadhaa dukani, muwasho uko pale pale. Dawa ya fangasi haimgusi kimelea huyu. Dawa yake ni metronidazoli, na kwa mwanamke dozi inayopendekezwa ni ya siku 7; daktari ndiye akuandikie. Usiyaache maambukizi haya hivi hivi kwa kuwa hayawashi: trikomonasi hurahisisha kuambukizwa virusi vya UKIMWI, na kwa mjamzito huhusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Halafu kuna suala la nyumbani, ambalo ni gumu kuliko dawa. Wanaume wengi hawana dalili yoyote, wanawake wengi vilevile, na kimelea anaweza kukaa mwilini miezi au hata miaka. Kwa hiyo majibu hayasemi nani alimletea nani, wala lini. Tunawasihi msiyachukue majibu haya kama hati ya mashtaka. Njoo na baba watoto, tutamweleza sisi wenyewe kwa faragha. Lazima naye atibiwe wakati mmoja na wewe, na msikutane kimwili mpaka wote mmemaliza dawa na dalili zimekwisha.

Kabla ya kuja, kwa siku 2 usijisafishe ndani ya uke, usiweke dawa yoyote ukeni, wala usifanye tendo la ndoa. Kama uko hedhini, subiri iishe. Ukishatibiwa, rudi ndani ya miezi 3 tupime tena, maana wapo wanaoambukizwa upya na mwenza ambaye hakumeza dawa.