Msiwatishe wajawazito na nusukaputi

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaowashauri wajawazito wanaojifungua kwa upasuaji wakatae nusukaputi, yaani kulazwa usingizi kabisa kwa dawa, katakata, hali iwavyo iwe. Kazi yangu ni kutoa dawa za usingizi chumba cha upasuaji, na ushauri huo unanitia hofu kuliko dawa yenyewe.

Ganzi ya mgongo ndiyo chaguo la kwanza kwa wengi, sibishi. Lakini yupo anayevuja damu kwa kasi kondo la nyuma likiwa limetangulia, yaani limekaa chini na kuziba njia ya mtoto. Ganzi itazidi kumshusha presha ambayo tayari imeporomoka. Yupo mwenye kifafa cha mimba ambaye chembe za kugandisha damu zimepungua mno. Sindano ya mgongoni yaweza kumvujishia damu kando ya uti wa mgongo, akapooza miguu. Hao kuwalaza ndiyo salama yao.

Hatari zipo. Mimba hulegeza mlango wa juu wa tumbo, uchungu nao huchelewesha chakula kushuka, hivyo mama aliyelala anaweza kupaliwa na tindikali ikaingia mapafuni. Curtis Mendelson, daktari wa Marekani, aliyaeleza haya mwaka 1946, na ndiyo maana hadi leo tunauliza, "Umekula saa ngapi?" Mama, nakuomba usinifiche. Nanyi ndugu mliompenyezea chakula mlangoni, semeni, sitagomba. Nikijua mapema nitamnywesha dawa ya kupoza tindikali, na mpira wa kupumulia utaingia kooni upesi.

Mwenye kifafa cha mimba ana lake. Koo huvimba, mpira hupita kwa taabu, na kule kuupitisha tu hupandisha presha ghafla kiasi cha kupasua mshipa wa ubongo. Kwa hiyo namtangulizia dawa ya kuituliza. Nikisema "panua kinywa, toa ulimi", au nikiuliza kama una jino linalocheza, napima njia nitakayopita. Barakoa ya oksijeni nayo wengi huisukuma wakidhani inawaziba pumzi, kumbe mjamzito huishiwa oksijeni haraka mno akishalala. Zile dakika 3 za kuivuta ndizo akiba yake.

Ombi langu kwa kliniki za wajawazito: mwenye presha, kovu la upasuaji au ugonjwa wa moyo aonane na mtu wa usingizi miezi ikiwa bado ipo. Kumkuta kwa mara ya kwanza kwenye machela, huku daktari ameshavaa glavu, kunatunyima muda wa kuuliza hata nusu ya haya.

Mtoa dawa za usingizi