Rafu ya Machungwa

Muheza, Juni

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na hela ya dawa ya mama yako nayo imefika. Hatujambo. Msimu umeanza, njia ya stendi imejaa matenga na maganda yamezagaa hadi kizingitini pa msikiti. Goti la mama yako limepunguza kuuma, ingawa yeye anasema ni mvua zilizokatika, si dawa.

Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu kwenye simu ungenichekesha nikasahau hoja yangu. Ulipokuwa hapa likizo ulinipangia vitabu. Nilikuruhusu mwenyewe, sikatai. Nikasema mtoto anasomea ukutubi, acha afanye mazoezi. Nikarudi shambani nikakuta kila kitabu kimebandikwa lebo mgongoni kama mbuzi wa mnadani. Bwana Dewey, yule mkutubi Mmarekani, alianza kuigawa elimu kwa namba tangu 1876 na maktaba za dunia zimemfuata, mimi bwana shamba mstaafu nitampinga kwa lipi? Lakini ile rafu ya juu ya redio haikuwa fujo, mwanangu. Vile vitabu vinne nilivipanga kwa makusudi. Vyote vina chungwa kwenye jina. Wewe umepeleka kimoja 634 kwenye kilimo, viwili 823 kwenye riwaya za Kiingereza, tena hivyo viwili umevitenganisha kwa herufi ya mwandishi, B mwanzo na W mwisho, na cha nne umekitupa peke yake 892 kwenye Kiarabu, karibu na pipa la mchele.

Ngoja nikueleze vilivyofika pale. Kila kimoja niliingia kwa mlango usio wake.

Cha kwanza ni Oranges, cha John McPhee, Mmarekani. Nilikiokota Dar es Salaam kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba chini Posta. Nilikuwa na miaka minne tu kazini, na nilidhani ni mwongozo: nafasi kati ya mche na mche, dawa ya wadudu, kipimo cha mbolea. Wapi! Mwandishi ni mtu wa magazeti aliyekwenda Florida kuandika makala fupi, machungwa yakamvutia, akashindwa kuacha. Kitabu kikatoka mwaka 1967. Humo utakuta wakulima, Wachina wa kale, wafalme wa Ulaya, na Columbus akibeba mbegu za jamii ya machungwa melini katika safari yake ya pili, 1493.

Nilikasirika kwa kurasa kumi hivi. Kisha nikafika kwenye habari ya rangi.

Unajua miaka yangu yote wageni wamenisumbua kwa swali moja: mbona machungwa yenu mabichi? Nami nikamenya, nikampa mtu, akafyonza, akanyamaza. Kumbe Florida nako ni hivyohivyo! Ganda hugeuka rangi kwa baridi ya usiku, si kwa utamu. Pasipo na baridi, chungwa laweza kuiva hadi likadondoka na bado likawa la kijani. Wenzetu, kwa kuwa mnunuzi anataka alionalo kwenye picha, huyafungia machungwa chumbani wakayapulizia gesi ya ethilini, ileile ambayo ndizi huitoa yenyewe inapoiva, ili ukijani utoke. Ndani hakibadiliki kitu. Niliposoma hapo nilisimama nikamwita mama yako jikoni nimsomee. Akasema, “Na wewe ulikuwa hujui?” Nilikuwa najua. Ila sijawahi kukiona nikijuacho kimechapishwa kitabuni na mtu wa mbali.

Jambo jingine lililoniuma humo ni juisi. Mwaka 1948 watafiti wa Florida walipewa hataza ya namna ya kuigandisha: unakamua, unavukiza maji ndani ya ombwe, juisi inabaki nzito. Tabu ni kwamba ladha hutoroka pamoja na mvuke. Wakagundua kwamba ukiivukiza kupita kiasi, kisha ukairudishia kidogo ya juisi mbichi, ladha inarudi. Basi McPhee anaingia mkahawani kwenye mji uliozungukwa na mashamba ya michungwa, anaomba juisi iliyokamuliwa sasa hivi, haipo. Ipo ya kopo. Mimi niliwahi kuketi kwenye semina ya wadau wa matunda, hoteli sitaitaja, nje machungwa yetu yanaoza kwenye magunia kwa kukosa mnunuzi, mezani tumewekewa juisi ya boksi iliyotoka ng'ambo. Nilikinywa kile kinywaji nikamkumbuka yule Mmarekani.

Cha pili ndicho kilichonipatia jina la utani ofisini. A Clockwork Orange, yaani chungwa la mtambo, lenye springi na magurudumu ndani kama saa. Unajua zile mashine za mkono za kumenyea machungwa, unachomeka tunda, unazungusha mpini, ganda linatoka kama utepe? Nilidhani kitabu ni cha hizo. Nikawatangazia wenzangu kwamba nimepata kitabu cha zana za usindikaji. Nikakifungua ofisini mbele yao: kijana wa miaka kumi na mitano anapiga wazee barabarani usiku.

Alikiandika Mwingereza, Anthony Burgess, mwaka 1962. Ni kitabu kikatili, na wewe ulipokuwa mdogo nilikificha nyuma ya gunia. Vijana wa humo wana lugha yao, imefinyangwa kwa maneno mengi ya Kirusi. Rafiki ni “droog”, maziwa ni “moloko”. Kurasa ishirini za kwanza sikuelewa kitu. Baadaye nikaanza kuelewa bila kamusi, kama nilivyowaelewa ninyi na kaka zako mlipokuwa mkisengenyana mezani kwa Kiswahili chenu cha mtaani mkidhani baba hasikii. Nilikuwa nasikia.

Serikali inamkamata yule kijana, Alex, na kumtengeneza: anachomwa dawa, anaonyeshwa sinema za ukatili, mpaka akiwaza kumpiga mtu anatapika. Amekuwa mwema, ila hana hiari. Ndilo hilo chungwa lenyewe: nje lina rangi na unapolitazama unadhani lina maji, ndani limetiwa ufunguo. Burgess alikuwa amefundisha shule katika nchi ya Malaya, Malaysia ya leo, na kwa Kimalei mtu ni “orang”, karibu sawa na “orange”. Mambo ya majina hayo.

Sasa sikiliza. Nakala yangu ilichapwa Marekani, ina sura ishirini. Burgess aliandika ishirini na moja. Mchapishaji wa kule aliikata ya mwisho, na Wamarekani hawakuipata hadi 1986. Miaka mingi nilidhani kitabu kinaishia pale kijana anapoponywa ule wema wa sindano na kurudia uovu wake. Halafu mwalimu mmoja wa sekondari akaniazima toleo la Uingereza. Katika ile sura Alex ana miaka kumi na minane, amechoka kupigana, ameanza kutamani mke na mtoto. Anajisemea kwamba atamweleza mwanawe yote aliyoyapitia. Kisha anatambua kwamba mwana hataelewa, au hatataka kuelewa, atafanya yaleyale, na yeye hataweza kumzuia. Niliisoma usiku ule kaka yako mkubwa alipokuwa hajarudi nyumbani siku ya tatu. Sitaongeza neno hapo.

Cha tatu kilikuwa kosa la kitaalamu kabisa. Oranges Are Not the Only Fruit: machungwa siyo tunda pekee. Mwanangu, hayo ndiyo maneno niliyowahubiria wakulima wa tarafa nzima kwa miaka ishirini! Pandeni miembe, pandeni mdalasini, pandeni mikarafuu, msitegemee chungwa peke yake, bei ikianguka mtalia. Nilipoliona lile jina nikaona Mzungu ameniibia hotuba.

Ni riwaya ya Jeanette Winterson, ya mwaka 1985. Msichana analelewa Lancashire na mama mlezi wa aina yake, mlokole mkali aliyemchukua tangu uchanga ili awe mmisionari. Mama yule ana dawa moja kwa kila tatizo: chungwa. Binti anapoteza usikivu, kanisani wanadhani amejaa Roho ndiyo maana hajibu akiitwa. Mpaka mtu mmoja anang'amua kwamba ni kiziwi tu, anapelekwa hospitali, na mama analeta machungwa. Mtoto amelala pale anajenga kibanda kwa maganda. Baadaye anampenda msichana mwenzake, na kanisa na mama wanamgeuka. Yapo humo ambayo mimi siyakubali, na kitabu hakikuniomba nikubali. Lakini huyo mama akinyoosha mkono wenye chungwa kwa sababu hana neno la kumwambia mwanawe, huyo namfahamu. Nimewahi kuwa yeye.

Sura zake zinaitwa Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, hadi Ruthu. Jirani yetu mlokole akayaona majina hayo, akakiazima kwa ajili ya kikundi chao cha Biblia. Alikirudisha baada ya siku mbili kimefungwa kwenye gazeti.

Cha nne hukuweza kukisoma, ndiyo maana kimeishia kwenye mchele. Mjomba wako alikileta kutoka Muscat kwa mzaha: “Shemeji, nimekuletea chungwa lako.” Kwenye jalada nilitambua neno moja, burtuqal. Waarabu waliliita hivyo tunda kwa jina la Ureno, kwa kuwa Wareno ndio waliokuwa wakilisambaza lile tamu. Kitabu ni cha Mpalestina, Ghassan Kanafani, hadithi fupi, na jina lake ni nchi ya machungwa yenye huzuni. Yeye alizaliwa Akka mwaka 1936, akawa mkimbizi akiwa na miaka kumi na miwili, akauawa kwa bomu la gari Beirut mwaka 1972.

Maalimu alinifasiria barazani jioni tatu. Ni mwaka 1948, familia imepanda lori kuelekea Lebanon. Kabla ya mpaka wanasimama. Mkulima anauza machungwa kando ya barabara, wanawake wanashuka kununua, na kilio kinaanza. Baba mtu ananyoosha mkono, anapewa chungwa, analitazama, analia kama mtoto. Mahali fulani mkulima mmoja anasema ile michungwa itanyauka ikimwagiliwa na mkono mgeni. Hapo nikamkatiza Maalimu. Nikasema hapana, mti haujui mkono. Shamuti, chungwa la Jaffa kwao Palestina lenye ganda nene lililokuwa likisafirishwa mpaka Ulaya bila kuharibika, ukiupa maji utazaa, awe anayemwagilia ni nani. Hiyo ndiyo sayansi. Maalimu alinitazama akafunga kitabu, akasema tutaendelea kesho.

Kesho yake akanisomea mwisho: bastola juu ya meza fupi, na pembeni yake chungwa limekauka, limesinyaa.

Basi ndiyo rafu hiyo. Mjomba yako mwingine, wa Mombasa, aliiona akadhani nimeingia siasa za kwao. Wao mwaka 2005 walipigia kura rasimu ya katiba kwa alama, ndizi kuikubali na chungwa kuikataa, chungwa likashinda, na hadi leo lina chama. Nikamwambia mimi ni wa Muheza, chungwa langu halina kura.

Najua utasema, Baba, mtu akija kutafuta riwaya ataipataje ikiwa imekaa na kilimo? Hakuna anayekuja, mwanangu. Ni mimi. Na mimi hivyo vitatu vya mwisho nisingevishika hata siku moja kama vingekuwa vimekaa mahali panapostahili. Mchungwa wenyewe ambao matunda yake unayala, chini ni mlimau. Tulichukua jicho la huyu tukambebesha yule, kwa sababu wa mbegu hukawia kuzaa na miiba yake haisemeki. Nimevirudisha juu ya redio. Namba zako nimeziacha zilivyo.

Kesho asubuhi nakutumia tenga moja kwa basi, nimemlipa utingo. Ukifika stendi lifungue hapohapo uhesabu. Yote ni ya kijani. Wagawie wenzako wala usiyaweke dirishani yangoje kuwa ya njano.

Baba yako.

Mama yako anauliza hizo lebo zinabanduliwaje bila kuchana jalada. Kitabu chake cha mapishi umekipa 641 na namba imefunika picha ya samaki.