Paa la Dawati la Kazi: Wito wa Harambee kwa Waumini, Majirani na Wote Waliopita Hapa

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum.

Tunaandika kwa haraka na kwa aibu kidogo, maana hata mwaka haujaisha tangu tuwasumbue kwa ajili ya choo cha shule ya Jumapili, nanyi mkatoa bila kununa. Tulikusudia kuwaacha mpumue. Masika yametunyima nafasi hiyo.

Usiku wa kuamkia Jumatatu iliyopita upepo uling'oa bati mbili za chumba cha Dawati la Kazi, tunapowatafutia wanafunzi wa vyuo kazi za muda na nafasi za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na zile zilizobaki mnajua wenyewe zilivyo: kutu tupu, unaona mbingu ukiwa umekaa. Asubuhi nilipofungua mlango maji yalinifika kifundoni. Kauntabuku tatu za kwanza, zile zilizoandikwa kwa mkono wa Mzee wetu mwanzilishi, zilikuwa zimevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Tulizianika ukurasa kwa ukurasa kwenye kamba ya nguo ya mama mchungaji, kwa vibanio vyake. Baadhi ya majina bado yanasomeka. Mengine yamebaki doa la bluu.

Wakati sisi tunaanika, wanafunzi tisa walikuwa wamejibanza chini ya mwembe, barua zao za chuo wamezificha ndani ya mashati zisilowe. Mmoja, binti wa mwaka wa pili, alikuwa ametoka Kimara kwa miguu ili nauli aliyokuwa nayo imrudishe jioni. Hatukuwa na mahali pa kumkalisha. Nilimwandikia barua ya utambulisho nimeweka karatasi juu ya goti langu.

Wapo wageni kati yetu wasiojua chumba hiki ni cha nini, na mmoja aliniuliza kwa nia njema kabisa tangu lini kanisa limekuwa wakala wa ajira. Nastahili kumjibu.

Mzee wetu alikuwa wa kizazi cha Azimio la Musoma, la Novemba 1974. Kwa azimio hilo, kijana akimaliza kidato cha sita hakupanda moja kwa moja Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), akafanya kazi, ndipo akaomba chuo, na mwajiri wake akiulizwa huyu ni mtu wa namna gani. Akihitimu, Serikali ndiyo iliyompangia kituo cha kazi. Mzee alitusimulia mara nyingi kwamba yeye aliingia darasani akiwa tayari anajua kuamkia bosi, kupokea mshahara na kugombezwa kwa kuchelewa. Baadaye mambo yakabadilika. Wahitimu wakawa wengi, kupangiwa kazi kukakoma, na familia zikaanza kuchangia gharama za elimu ya juu. Chuo kilichoanza mwaka 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikawa na maelfu huku Mlimani, na maelfu hao wakaanza kutafuta kazi kila mtu na njia yake. Njia yenyewe ikawa koneksheni. Mwenye mjomba Posta alipata. Asiye na mjomba mjini alizunguka na bahasha mpaka soli ikatoboka.

Mzee, wakati huo mwalimu wa sekondari, alinunua kauntabuku moja akachora mistari kwa rula: jina, chuo, kozi, siku zenye nafasi, mdhamini. Kisha akaenda mwenyewe, kwa miguu yake, kwa wenye maduka Kariakoo na kwa waonyeshaji wa maonyesho ya biashara ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, akiwaomba wawachukue wanafunzi kwa siku chache, wahesabu mali, waeleze wateja, washike mauzo. Yeye akiwa mdhamini. Mwanafunzi akiharibu, mwenye duka alijua nyumba ya kwenda. Kila likizo akarudi kwa watu wale wale, na wakaanza kumtafuta wao.

Aliacha sheria mbili ambazo hatujazigusa. Ya kwanza, mwanafunzi halipi hata senti, kwa sababu nje huko vishoka wanakula fedha za watoto kwa kuwaahidi nafasi zisizokuwepo, nami mwenyewe niliwahi kuliwa ada ya muhula mzima kabla sijalifahamu dawati hili. Ya pili, hatumpeleki mtu kazini kabla ujira haujaandikwa na kutiwa saini pande zote mbili. Mtenda kazi amestahili kupewa ujira wake. Hilo Mzee alilibandika ukutani, na karatasi yake ni kati ya vilivyookoka.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza 2005 wengine walidhani dawati litafungwa. Mkopo umewasaidia wengi na tunaushukuru, lakini wapo wasioupata, na hata waliopata, bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa wanakuja hapa na njaa usoni. Mwaka 2008 ukaja Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, nasi tukawapeleka wahitimu wetu huko wakajiandikishe. Mwanafunzi anayetaka kazi ya muda wa saa nne tu Jumamosi, au aliyekosa mahali pa fildi na wiki mbili tu zimebaki, bado anaugonga mlango wetu. Sensa ya 2022 ilipotangaza nafasi za makarani, tulikesha na kompyuta ile moja tukijaza maombi ya vijana mpaka umeme ukakatika, tukaendelea kwa simu.

Kompyuta hiyo nayo imekunywa maji.

Basi mahitaji ni haya. Bati 36 za geji 28 ni shilingi 1,152,000. Mbao za kenchi 640,000. Misumari, kofia na usafiri 198,000. Fundi amekubali 500,000 baada ya kubembelezwa. Kompyuta ya mtumba 450,000 na kabati la chuma la kutunzia kumbukumbu 360,000. Jumla 3,300,000. Mkononi tuna 780,000, ambazo zaidi ya nusu zimetoka kwa akina mama wa vikoba na kwa wazee wa msikiti wa jirani, ambao pia ndio waliotupa meza tunayoitumia tangu zamani. Zimebaki 2,520,000. Risiti zote zitabandikwa ubaoni, mhazini na mkaguzi wa usharika watatia saini, na fedha hazitagusa kazi nyingine.

Sasa naomba niseme na ninyi mliopita hapa. Tunawajua. Majina yenu yalikuwa kwenye kurasa zile zilizokuwa kambani. Wengine leo mna ofisi zenye viyoyozi na mnaajiri, na tunamshukuru Mungu kwa hilo kila Jumapili. Lakini tumewapigia simu wiki hii, na wengi hamkupokea. Siandiki haya kwa kinyongo. Naandika kwa sababu yule binti wa Kimara ameketi mahali pale pale mlipoketi ninyi, na anayemwandikia barua ni mwenzenu. Asiye na fedha wiki hii atupe nafasi moja ya fildi, au siku tatu za kazi ya likizo. Tutaipokea kama bati.

Harambee ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili, hapo hapo chini ya mwembe. Ahadi zinaandikwa kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako kuanzia leo. Fundi anaanza Jumanne inayofuata, akikuta bati zimefika.

Jambo moja zaidi. Dawati lina mashati meupe matatu na jozi mbili za viatu vyeusi tunavyowaazima wanaokwenda kwenye usaili. Mashati tumeyafua, yamekauka vizuri. Viatu vya kike, namba 39, soli imeachia kabisa kwa maji, na kuna msichana ana usaili Alhamisi. Mwenye jozi asiyoivaa, aifikishe kwa mama mchungaji kabla ya Jumatano jioni.

Katibu, Kamati ya Dawati la Kazi