Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: Mtoto njiti akitolewa mpira, asiachwe apumue peke yake

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa muuguzi wa watoto wachanga hapa Mombasa, kuhusu saa zinazofuata baada ya mtoto njiti kutolewa mpira wa kupumulia kooni.

Mashine inayosukuma hewa kupitia mpira huo huokoa maisha, lakini kadiri mtoto anavyokaa nayo ndivyo mapafu yake yanavyozidi kuumia na hatari ya maambukizi inavyopanda, na ndiyo sababu tunataka aachane nayo mapema. Hata hivyo, njiti aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 28 bado hana nguvu za kutosha: vifuko vya hewa hunywea anapotoa pumzi, misuli ya kifua huchoka, na ubongo usiokomaa husahau kupumua. Akipewa oksijeni ya kawaida peke yake, ni rahisi arudishiwe mpira, na kila kurudishiwa humwumiza upya.

Kinachomsaidia ni CPAP, yaani hewa yenye shinikizo la kudumu inayopitishwa puani kwa vimirija vifupi. Aina ya mapovu haina makuu: mwisho wa mpira wa kutolea hewa huzamishwa kwenye chupa ya maji, na kina cha sentimita 5 au 6 ndicho kipimo cha shinikizo. Mapovu yakikoma, muuguzi hujua hewa inavuja, pengine vimirija vimeteleza au mtoto ameachama. Lakini lazima awepo mtu wa kuitazama chupa hiyo, na hapa ndipo ninapokusihi zaidi, kwani muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku hawezi kuona kila chupa iliyonyamaza.

Zipo pia mashine zinazoongeza misukumo ya pumzi kupitia puani, na utafiti umeonyesha kwamba hupunguza idadi ya wanaorudishiwa mpira kuliko CPAP pekee. Zinafaa, ila kwa maoni yangu tutosheleze CPAP kwanza.

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2022, linataka watoto waliozaliwa kabla ya wiki 34 wapewe kafeini, dawa inayouchochea ubongo ukumbuke kupumua, wanapotolewa mpira. Dawa hii isikosekane hata siku moja. Vilevile tunahitaji vichanganyio vya hewa na oksijeni pamoja na vipimo vya oksijeni ya damu, kwa kuwa oksijeni ikizidi huweza kumpofusha njiti.

Mheshimiwa, Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti hospitali zake, na hata akina mama wa Kwale na Kilifi huleta watoto wao hapa. Naomba bajeti ijayo itenge fedha za vimirija vya saizi ndogo kabisa, za kafeini, na za kuajiri wauguzi wa zamu ya usiku, kabla ya kununua mashine nyingine kubwa.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa watoto wachanga, Mombasa