Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji ya Mvua Tuyamalizie Huku Huku Juu

Ndugu wanachama,

Nawasalimu wote, na nawapa pole mlioharibikiwa mali masika iliyopita. Orodha ya vikao sitaisoma, katibu ameibandika ukutani. Nitazungumzia jambo lililotugawa mwaka mzima: mfereji.

Wengi wenu mnataka kamati ipiganie mfereji wetu upanuliwe na kujengwa kwa zege kuanzia barabarani mpaka mtoni. Barua tumepeleka, na ofisi tuliyoiandikia imetuambia "njooni wiki ijayo" mpaka tumezoeana na mlinzi wa getini. Lakini hata tungekubaliwa leo, kamati haiamini kwamba zege peke yake litatuponya.

Sisi tuko mlimani. Maji yetu yanaingia Msimbazi, mto wa hapa Dar es Salaam unaoanzia vilima vya Pugu na kupokea maji ya mtaa hadi mtaa kabla ya kupita bonde la Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Zege linayakimbiza maji. Ya kwetu, ya Tabata, ya Vingunguti, yote yanafika bondeni saa ile ile, na hapo ndipo mto unapofurika. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini, na waathirika wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Baadhi yenu mna ndugu waliohamia huko. Kuwapelekea walio chini maji mengi zaidi, tena kwa kasi zaidi, halafu tukaita hayo maendeleo, mimi siwezi kuliwekea saini jambo hilo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 50, ambayo masika si ya ajabu, linatoa lita 6,000. Nyumba 100 za namna hiyo zinatoa lita 600,000, na hapo hatujahesabu ua wala barabara. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini. Siku hizi tumeweka pevingi kuanzia kizingitini hadi getini, maana ua usio na pevingi unaonekana ni wa mtu aliyeishiwa. Mwenye gari anahitaji mikanda miwili tu ya kupitishia matairi. Katikati na pembeni aache majani.

Kwa hiyo mwaka huu nguvu kubwa tuliielekeza kwenye mashimo ya kunyonya maji. Kabla ya kuchimba lolote tulipima udongo kwa njia ya kienyeji: unachimba kishimo, unakijaza maji, unasubiri yazame, unajaza tena na kuangalia saa. Upande wa juu, kwenye mchanga mwekundu, maji yalizama vijana wakiwa bado wanakunja mpira wa maji. Upande wa chini, karibu na kona ya mto, kesho yake asubuhi maji yalikuwa palepale, kwa sababu pale ni udongo wa mfinyanzi na masika maji ya chini ya ardhi yapo karibu. Wanachama wa upande huo wamelalamika kwamba tumewabagua. Hatukuwabagua. Shimo la kunyonya pale lingekuwa kisima cha maji machafu. Kwao tunapendekeza matenki ya kukinga maji ya paa, na mfereji ubaki wa udongo, kingo zipandwe nyasi za vetiva na vizuizi vya mawe viwekwe kila panapoporomoka. Mizizi ya vetiva inashuka wima, hata zaidi ya mita mbili, na haimwombi mtu saruji.

Mama mmoja aliuliza kuhusu mbu, na swali lake ni la haki. Mbu huchukua kama wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Bustani ya bonde, yaani iliyochimbwa kidogo ili maji ya mvua yatuame na kuzama, ikikauka ndani ya siku mbili haimpi nafasi. Anayemlea mbu ni kopo, tairi bovu na mfereji uliozibwa na taka, na hivyo tunavyo tele.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya watu waliokosa fedha za zege. Philadelphia, Marekani, tangu 2011 wana mpango wa miaka 25 wa kuyanywesha maji ya mvua ardhini kupitia bustani, miti na sakafu zinazopitisha maji. Hapa kwetu nao mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, haukuishia kwenye daraja jipya la Jangwani. Ndani yake imo pia bustani kubwa ya jiji mahali pa makazi yaliyokuwa yakifurika. Mradi huo hautaingia kwenye ua wako, ndugu mwanachama. Huko ni kazi yetu.

Mawili nayasema kwa ukali. La kwanza, kutapisha vyoo mvua ikinyesha. Kila mtu anajua nani anafanya, na maji hayo yanapita mlangoni kwa watoto wa wenzetu. Kamati itapeleka majina serikali ya mtaa. La pili, ujenzi na uchimbaji mchanga kando ya mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni, na kuchimba mchanga usiku hakuifuti sheria hiyo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ada imekusanywa kwa shida, na wadaiwa wengine wako humu ukumbini. Kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili: mashimo mengine yachimbwe upande wa juu kabla ya vuli, na ombi la mfereji liandikwe upya liseme wa udongo na majani, zege liwe kwenye kalavati tu. Tutapiga kura kwa kunyoosha mikono baada ya mweka hazina. Wanaohitaji miche ya vetiva wajiandikishe kwa katibu, na kila mtu aje na kiroba chake.